Shina la Mianzi Katika Chumba cha Tatu

Mpendwa dada Faraja,

Huku Makambako upepo umerudi, ule unaopindua miavuli na kuwakimbizia watu kofia zao, na mimi nimekaa kwenye kigoda nje ya chumba chetu cha kupanga nikiwa nimevaa koti la mume wangu. Naandika maneno hayo mawili, mume wangu, kisha naacha kalamu niyatazame. Ni miezi mitatu sasa tangu harusi na bado yananifanya nicheke peke yangu. Jana muuza nyanya aliniita "mke wa Ezekia wa mbao", nikanunua nyanya nyingi kuliko nilizohitaji ili aniite tena.

Barua hii naiacha wazi, asome anayetaka. Najua hupendi mambo yako yapite mikononi mwa watu, lakini nina sababu, na utaiona mbele kidogo. Huko Tandala uliko najua kuna baridi kushinda hata yetu, na najua zamu zako wodini. Isome ukiwa umekaa, na chai iwe karibu.

Nianzie Mjimwema, kule Njombe, maana kila kitu changu kizuri kilianzia pale. Wewe ulipanga chumba cha mbele, mimi cha nyuma, na uani kulikuwa na bomba moja ambalo mama mwenye nyumba alilifunga kwa kufuli. Wewe ulikuwa unatoka hospitali na gauni lako jeupe, mimi natoka kwenye steshenari nilikokuwa natoa kopi za watu siku nzima, na wote wawili tunasimama mlangoni kwake kuomba ufunguo kama wanafunzi wanaoomba kwenda chooni. Kuna siku alituambia tusubiri amalize kula. Tulisubiri. Alikula taratibu sana. Tuliporudi uani ukanyanyua ndoo yako ikiwa tupu, ukasema, "Mdogo wangu, siku nikiwa na nyumba ya kupangisha, bomba langu halitakuwa na kufuli."

Nilicheka. Nikakuuliza nyumba utaipata wapi kwa mshahara wa nesi.

"Peke yangu siipati," ulisema. "Ndiyo maana nakuambia wewe."

Dada, hujui ulichonifanyia siku ile. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikijua nitatoa kopi za vyeti vya watu wengine mpaka nizeeke. Hakuna aliyewahi kuniambia neno "tujenge" na kuniweka mimi ndani yake. Usiku huo nililala nikihesabu madirisha ya nyumba ambayo haikuwepo.

Tuliuliza bei za viwanja vya Njombe mjini tukakata tamaa ndani ya wiki moja. Wewe ndiye uliyesema twende Makambako, njia panda, ambako madereva wanalala, wafanyabiashara wanashusha mizigo, na walimu wapya wanafika na mabegi yao bila kujua pa kulala. Ulisema chumba cha Makambako hakikai wazi. Pia ulisema wawili hatutoshi, tutafute wa tatu, awe mtu anayejua ujenzi na asiyetudharau kwa kuwa ni wanawake.

Ukamleta Ezekia. Naomba hili lisomwe vizuri na wote: ni wewe uliyemleta. Ulikuwa umenunua kitanda kwake, ukarudi Mjimwema unakisifia kitanda, wala si yeye. "Kijana wa mbao," ulisema, "amekataa kuniuzia kitanda mpaka nimwambie mlango wangu una upana gani. Anasema hataki nifike nyumbani kikwame nje, nimlaani." Nilikuuliza ana sura gani. Ulisema, "Sikumtazama sura, nilitazama viungo vya kitanda."

Mimi nilimtazama sura, dada. Siku ya kwanza alipokuja na tepu yake kiunoni, akapima upana wa meza tuliyokalia kabla hajasalimia vizuri, nilijua nimekwisha. Aliongea taratibu, na kila alichosema alikimaliza. Alipokunywa chai alishika kikombe kwa mikono miwili. Naweza kuendelea hivi ukurasa mzima, na najua ungeniambia, "Nuru, rudi kwenye habari." Narudi.

Unalikumbuka daftari? Kaunta ya kurasa mia, jalada la bluu, tuliyoinunua njiani. Uliandika kwa mkono wako, kwa ile hati yenu ya hospitali iliyonyooka kwa sababu wewe si daktari. Kila mmoja anachangia sawa. Anayechelewa anasema mapema, hajifichi. Jina la kila mtu liwe kwenye karatasi ya mauziano. Na mstari wa mwisho uliupigia chini mara mbili: kila mtu ana sauti moja, wawili wakikubaliana, imepita, na wa tatu hanuni. Ezekia aliuliza, "Kununa tutakupimaje?" Ukamjibu, "Si una tepu?" Tulisaini tunacheka.

Tulinunua kiwanja wakati wa mvua, kwa kijana aliyekuwa anakwenda kuanza maisha mkoa mwingine. Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo, na majirani wa pande zote walikuja kushuhudia mipaka. Ndipo tulipomjua babu Yohana, jirani wa upande wa chini, baba mdogo wa yule muuzaji. Alifika na koti la mvua na mbeta mbili mkononi, vile vipande vya mianzi vya kukingia ulanzi, akatusalimia, "Kamwene, wajukuu," akapita katikati yetu mpaka kwenye shina kubwa la mianzi lililokuwa ndani ya kiwanja chetu. Akatundika mbeta kwenye machipukizi aliyoyagema, akateremsha zilizojaa, ndipo akarudi kusaini. Lile shina lilipandwa na baba yake. Asubuhi na jioni, msimu wote wa mvua, lilikuwa linampa ulanzi wa kuuza, ile pombe ya mianzi, na huo ndio uliokuwa ukinunua sabuni na chumvi nyumbani kwake.

"Nyumba jengeni," alisema, kalamu iko hewani. "Shina langu mlizunguke."

Sisi ni watu wa huku huku. Tunajua kwamba mtu anaweza kuuza ardhi na mianzi ikabaki ya aliyeipanda. Kila mtu pale alijua, ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kuliandika. Karatasi ilitaja barabara, ikataja mfereji na majirani wote. Shina haikulitaja. Babu alisaini jina lake herufi kwa herufi, wewe ukamshikia mbeta.

Sasa nifike ninapoogopa kufika.

Kiangazi kilipokuja, matofali yakiwa tayari, Ezekia alileta ramani aliyoichora mwenyewe. Vyumba sita, vitatu kila upande, na shina la mianzi lilikaa pale pale kilipotakiwa kuwa chumba cha tatu. Lakini kabla ya siku hiyo kulikuwa na siku nyingine ambayo hukuijua. Jumamosi moja ulikuwa zamu, tukaenda kiwanjani wawili, kupokea nondo. Ezekia alikuwa ananieleza nondo nyembamba ni ipi na nene ni ipi. Akasema, "Leta kidole nikuoneshe." Akazungusha tepu kwenye kidole changu cha pete, akasoma kwa makini kana kwamba anasoma mkataba, akaandika kwenye kiganja chake. Nikamuuliza, "Mbona unaandika?" Akasema, "Kuna kitu nataka kununua kisije kikakwama." Dada, nilikaa juu ya lundo la mchanga. Fundi alidhani naumwa.

Tuliamua tusikwambie kwanza. Tulisema tutakwambia mambo yakikamilika, lakini ukweli ni kwamba mimi nilitaka kuwa na kitu kimoja ambacho ni changu peke yangu, nilale nacho, niamke nacho. Ndani ya chumba cha nyuma pale Mjimwema nilikuwa nasikia unaimba ukifua, nikifikiri, dada angejua. Sikufikiri kwamba wewe ulikuwa mshirika wangu kabla yake, na kwamba kwenye daftari letu siri ile ilikuwa na uzito.

Siku ya kura tulikaa juu ya matofali. Ezekia alieleza kwamba tukilizunguka shina tunapoteza chumba kizima, na kodi ya chumba hicho ndiyo itakayotusaidia kulipia bati.

"Babu alisema mbele yetu tulizunguke," ulisema.

"Dada, yule mzee alikuwa anatania."

"Anatania huku ameshika kalamu?"

"Haiko kwenye karatasi."

"Haiko. Wala haiko kwamba ni letu," ulisema. "Mimi nimemshikia mbeta mikononi, Ezekia. Siwezi kulikata."

Ezekia alinyoosha mkono wa kukata. Wewe uliweka mikono yako magotini. Mkanigeukia wote wawili.

Nilikuwa na wewe, dada Faraja. Moyoni nilikuwa upande wako kabisa. Nilikuwa nimelionja lile togwa lake tamu la mianzi asubuhi moja, kabla halijachacha kuwa ulanzi, nilikuwa nimemwona babu akiliongelesha lile shina kama mtu anayeongea na ng'ombe. Nilijua tunachotaka kufanya si kizuri. Lakini Ezekia alinitazama, na zilikuwa wiki mbili tu tangu anipime kidole, nikaona nikimpinga mbele ya mtu nitaharibu kitu. Nikanyoosha mkono.

Hukununa. Ulifungua daftari ukaandika mwenyewe, "Wawili wamekubali, imepita," ukafunika kalamu. Baadaye babu alikuja na panga kusafisha shina lake kama alivyofanya kila mwaka, akakuta mianzi imelala chini. Kisha akasema, "Basi iliyokatwa mnipe nijengee banda la kuku." Wewe ndiye uliyembebea mpaka kwake, safari tatu. Mimi nilijifanya nahesabu matofali.

Sababu ya kuiacha barua hii wazi ni Jumapili ile, na nitaieleza ilivyokuwa bila kuipunguza.

Alhamisi tulikwenda kwa mchungaji. Tulielewa kwamba tangazo la kwanza la ndoa litasomwa Jumapili ya wiki inayofuata, na tukapanga kukwambia Jumamosi kiwanjani, nyumba ikiwa imefika kwenye lenta, juu ya madirisha, iwe sherehe. Jumamosi ukaitwa zamu ya ghafla. Tukasema tutakwambia Jumatatu. Kumbe Jumapili hiyo hiyo, baada ya sadaka, mzee wa kanisa alisimama na karatasi zake, akasoma habari ya mkutano wa akina mama, akasoma habari ya mbao za ukarabati, kisha akasoma jina langu na jina la Ezekia, tangazo la kwanza, mwenye pingamizi aseme.

Kwaya yenu inakaa mbele ikiwatazama waumini. Kwa hiyo nilikuona usoni ukisikia. Watu walinigeukia wakinong'ona na kutabasamu, na mimi nilikuwa nakutazama wewe tu. Ukatazama chini, ukafungua kitabu cha nyimbo, na kwaya iliposimama ukaimba mpaka ubeti wa mwisho.

Nje ulinisubiri karibu na ua wa kanisa. Ulinipa mkono wa hongera kwanza. Kisha ukauliza swali moja.

"Siku ya mianzi, mlikuwa watu wawili au mmoja?"

Nikasema, "Wawili, dada."

"Haya," ulisema. "Mimi nilisaini na watu watatu, Nuru. Sasa kila tutakapokaa, nyie mtakuwa mmekwisha kukaa nyumbani. Mimi nitakuwa nakuja kuambiwa."

Niliapa kwamba haitakuwa hivyo. Ulinisikiliza vizuri, kama unavyomsikiliza mgonjwa anayesema hana maumivu.

Na bado ulinisimamia harusi. Ulikuwa umeniahidi zamani, hata kabla sijawa na mwanaume wa kunioa, kwamba utakuwa msimamizi wangu, na hukurudi nyuma. Ulinishikia shela isiburute kwenye vumbi. Uliponibana pini ya mwisho ulisema, "Umependeza," na neno hilo nimelitunza kama zawadi kuliko sufuria zote tulizopewa. Furaha yangu siku ile ilikuwa kubwa mno, sitaisema vingine ili nionekane mwema. Nilicheza mpaka kiatu kikakatika. Lakini kila nilipogeuka kukutafuta, ulikuwa na uso ule wa karibu na ua.

Wiki iliyofuata ukaniambia umepata uhamisho wa Tandala, na kwamba uliuomba mwenyewe. Nilikusindikiza stendi ya Njombe. Kabla ya kupanda ukatoa daftari la bluu kwenye pochi. "Tunza wewe," ulisema. "Mimi nimetoka. Mkipata wapangaji mnirudishie nilichoweka, polepole, sina haraka." Nilitaka kukwambia kila kitu pale pale. Kondakta akasema nyuma songeni, basi likaondoka, nikabaki na daftari mkononi kama mwanafunzi aliyenyang'anywa mwalimu.

Tangu siku hiyo ujenzi ulisimama. Ezekia alisema hatuwezi kupaua nyumba ya watu watatu kwa sauti mbili ambazo mwenzetu anasema ni moja. Mbao za kenchi, za kubebea bati, alishazichagua, ziko kwenye yadi yake zimefunikwa turubai. Kila anapopita anazigusa.

Halafu mvua zikanyesha.

Tulikwenda kutazama kama maji yanatuama kwenye msingi. Chumba cha kwanza kizuri, cha pili kizuri. Kwenye chumba cha tatu tulisimama mlangoni. Kifusi chote tulichoshindilia kilikuwa kimefumuka katikati. Machipukizi ya mianzi, manene kama mkono wangu, yamenyooka kuelekea juu mahali ambapo bati lingekuwa, mengine yamenipita urefu. Tulikata mianzi, tukafukia, tukajenga kuta nne kuizunguka. Mizizi tuliiacha.

Babu Yohana alitukuta tumesimama hivyo. Akachungulia kupitia dirishani, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Hamkulikata hili," alisema. "Mlilipalilia. Mmelijengea na ukuta lisipigwe na upepo."

Ezekia akasema, "Babu, tulikosea."

"Najua. Mimi na shina tulikuwa tunawasubiri tu." Kisha akatazama nyuma yetu, barabarani. "Yule nesi yuko wapi? Mbona mko wawili?"

Niliondoka pale na swali lake pamoja na lile lako.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa tunakunywa chai na viazi vya kuchemsha. Ezekia alikuwa anamenya, ananipa kila cha kwanza, kama anavyofanya siku zote, na nikaona siwezi kula kiazi kingine cha mwanaume huyu bila kumwambia. Nikamwambia, "Siku ya mianzi sikupiga kura yangu. Nilipiga yako. Mimi nilikuwa na dada Faraja."

Aliweka kisu chini. Niliogopa, nakiri. Nilidhani huu ndio mwisho wa utamu. Akasema, "Kwa hiyo siku ile dada alishinda. Mbili kwa moja."

"Alishinda," nikasema.

"Na akajiandikia mwenyewe kwamba ameshindwa."

Akainuka kwenda kunawa mikono, akarudi na daftari. "Kwa nini hukunipinga?" aliuliza. Nikamwambia niliogopa kwamba hatanipenda. Alinitazama kama mtu aliyepima ubao mara mbili na kupata vipimo tofauti. "Mimi nilidhani umekubaliana nami kwa sababu ramani yangu ilikuwa nzuri," alisema. Tukacheka, dada, tukacheka mpaka mimi nikalia. Ndivyo ninavyompenda. Nilikuwa najua nampenda, lakini asubuhi ile nilijua ninaweza kumpinga na bado akanimenyea kiazi, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Basi mbele ya kila anayesoma: ulipouliza kama tulikuwa wawili au mmoja, nilikudanganya. Tulikuwa mmoja na kivuli chake. Habari yetu uliisikia mbele ya watu, ukiwa hujaandaliwa, ukakaa nayo usoni bila pa kuiweka. Ningekuomba radhi kwenye simu ningekuwa nimejificha tena. Nisamehe, dada yangu.

Sasa nikwambie tulichofanya, na kwa nini hatukukuuliza. Ezekia alisema, "Hii si kura mpya. Ni ile ile yake, imechelewa tu." Kwenye daftari, chini ya mstari wako, nimeandika: Faraja na Nuru, lisikatwe. Ezekia, likatwe. Wawili wamekubali, imepita. Nimesaini, na mume wangu amesaini kama aliyeshindwa, bila kununa. Jumamosi akaja na nyundo akabomoa ukuta wa nyuma wa chumba cha tatu, tofali moja moja, akiyapanga vizuri yatumike kwingine. Sasa pale ni uwazi mdogo ndani ya nyumba, kuta pande tatu, upande wa nne wazi kuelekea kwa babu. Anaingia asubuhi na jioni bila kuomba ruhusa. Nyumba itakuwa ya vyumba vitano. Ukweli ni kwamba ni nzuri kuliko ile ya vyumba sita. Ukisimama chumba cha nne unaona mianzi dirishani ikiyumba, na mpangaji atakayelala pale ataamka kila siku na kijani machoni.

Kuhusu sauti, uliona mbali kuliko sisi. Watu wawili wanaokula sahani moja hawawezi kuja kikaoni kama wageni. Kwa hiyo tumeandika ukurasa mpya na kuuacha bila kusainiwa, kwa sababu bila wewe si kitu. Unasema hivi: mimi na Ezekia ni sauti moja, wewe ni sauti moja, na hakuna linalopita bila zote mbili. Tukigombana, tugombane kwetu na tuje na neno moja. Jina lako linabaki la kwanza kwenye karatasi ya mauziano kama lilivyo. Nusu ya sauti ni ndogo, najua, lakini hii nusu yangu ni ya kweli, na ile nzima niliyokuwa nayo sikuitumia.

Na kama bado unataka kutoka, dada, utatoka kwa heshima. Tutakurudishia kama ulivyosema na hatutakununia. Sitaki ubaki kwa kunihurumia. Nataka ubaki kwa sababu nyumba hii ilianzia kwenye ndoo yako tupu.

Babu Yohana amegema mbeta ya kwanza. Amekuwekea ya kwako, nikamwambia itachacha kabla hujafika. Akasema nesi akija atakuta nyingine, na akichelewa sana atakuta ulanzi mkali, hiyo itakuwa juu yake. Mbao za kenchi bado ziko chini ya turubai. Hatupaui mpaka tusikie neno lako, liwe la kuja au la kuaga.

Kitu kimoja tu kimeendelea. Juzi fundi bomba alikuja kuvuta maji mpaka pale kwenye uwazi, pembeni ya mianzi, bomba la nyumba nzima. Alitoa kwenye mfuko mabomba mawili, la kawaida na lile lenye tundu la kufuli, akasema wenye nyumba wengi wanapenda hilo la pili, akaniuliza nataka lipi. Ezekia akafungua mdomo kujibu kisha akanitazama, ananiachia. Nikamwambia fundi kwamba mwenye bomba yuko Tandala, ila alishaamua siku nyingi. Afunge la kawaida.

Maji yanatoka, dada. Njoo uchote.

Mdogo wako wa chumba cha nyuma,
na mke wa yule uliyetuletea,
Nuru